Katapila Kuukuu Hukaguliwa Miguuni

Katika vyama vya ushirika, katika vikundi vya vijana, na hata miongoni mwa wafanyakazi wachache waliochangishana akiba zao, maneno haya husikika mara kwa mara: "Tununue katapila." Mapori ya kufyeka yapo, malambo yanahitajiwa, njia za mashambani hazipitiki masika, na gharama ya kukodi mashine kwa saa inaumiza. Bei ya mashine mpya haishikiki. Basi macho ya wote huelekea kwa ile kuukuu, iliyokwisha kufanya kazi Japani, au Uarabuni, au katika ujenzi wa barabara papa hapa nchini, kisha ikapakwa rangi ya manjano na kuegeshwa uani kwa muuzaji, inang'aa kana kwamba imetoka kiwandani jana. Hatusemi kwamba ni vibaya kununua mashine iliyotumika. Tunasema kwamba fedha za wanachama zisinunue rangi.

Hapa tunatumia neno "katapila" kama wananchi walitumiavyo, ingawa asili yake ni jina la kampuni moja ya Marekani. Hata Komatsu ya Japani ikipita njiani watoto huiita katapila vile vile. Hapana ubaya. Lakini mbele ya muuzaji hatuna budi kuuliza jina kamili, modeli, na namba iliyopigwa kwenye chasisi, maana spea haziagizwi kwa jina la mtaani.

Nchi hii inalo somo juu ya jambo hili, tena somo lililogharimu fedha nyingi mno. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikisumbuliwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, iliamua kulima karanga katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mpango ulitaja eka 3,210,000, na sehemu iliyo kubwa kabisa ilikuwa Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianzia Kongwa mapema mwaka 1947. Lengo la mwaka huo wa kwanza lilikuwa eka 150,000. Mwaka ulipokwisha, zilizopandwa karanga zilikuwa eka zipatazo 7,500. Januari 1951 mpango ukaachwa, na hasara iliyofutwa vitabuni ilizidi pauni milioni 36. Baadaye sehemu kubwa ya ardhi ile ya Kongwa ikawa ranchi ya ng'ombe.

Watu wengi huisimulia habari hiyo kama kisa cha mvua haba na wakubwa wasiowauliza Wagogo juu ya nchi yao. Hayo ni kweli. Lakini liko jambo jingine ambalo mnunuzi wa katapila kuukuu angefaa kulisoma mara mbili. Wakati ule mashine mpya hazikupatikana, kwa kuwa kila nchi iliyobomolewa na vita ilizitaka. Basi wanunuzi wakageukia masalio ya vita, zikiwamo katapila za jeshi la Marekani zilizokuwa zimebaki Ufilipino. Zikapita bahari, zikashushwa Dar es Salaam, zikapandishwa reli ya kati na kuingizwa porini. Kabla ya mwaka kwisha, nyingi zilikuwa zimesimama zikingoja spea na mafundi. Wakajaribu pia kuvigeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, kazi iliyofanywa na kampuni ya Vickers, na mashine hizo zikaitwa Shervick. Nazo hazikufaa.

Kwa nini zilishindwa? Mashine ya vita haikukosa nguvu. Ila nyingi zilikuwa zimekwisha kuchakaa kabla hazijaligusa pori, zilikuwa za namna mbalimbali zisizoweza kuazimana spea, na madereva na mafundi walifundishwa kwa haraka. Isitoshe, ardhi ya Kongwa ina mchanga unaosaga chuma kama tupa, na kiangazi huwa ngumu kama saruji. Vichaka vya miiba vilisukana, mibuyu ilisimama kama nyumba, na baada ya mti kuangushwa mizizi ilibaki chini ikivunja majembe ya trekta. Baadaye waligundua kwamba mnyororo wa nanga ya meli, ukikokotwa na katapila mbili sambamba, hulaza vichaka vizuri kuliko kusukuma kimoja kimoja. Maarifa hayo yalikuja baada ya fedha kuondoka.

Sasa turudi kwetu. Kabla ya kwenda uani kwa muuzaji, chama kijiulize kazi yenyewe ni ipi. Kwa vichaka, miti midogo, malambo ya kijiji na kusawazisha njia, mashine ya kadiri ya Caterpillar D6 au Komatsu D65, yenye uzito wa tani kama 20, inatosha. Ile ya kadiri ya D8 au Komatsu D155, ambayo hukaribia tani 40, ni ya miti mikubwa na ya kupasua ardhi ya mawe kwa ile kucha ya nyuma. Yeyote anayependa ukubwa kwa ajili ya fahari akumbuke dizeli: D6 katika kazi ya wastani hunywa lita 20 hadi 30 kwa saa, na D8 hunywa lita 40 na zaidi. Ikiwa udongo unapaswa kupelekwa mbali, kupita mita 100 hivi, basi katapila ya ukubwa wowote si chombo chake. Kazi hiyo ni ya ekskaveta na malori, wala tusimlaumu dereva kwa kushindwa kufanya kazi ya lori.

Kwa kufyeka shamba liko jambo ambalo wanunuzi wetu hulisahau. Bamba la mbele la kusukumia udongo hung'oa mti, lakini pia huukwangua udongo wa juu wenye rutuba na kuurundika pembeni pamoja na takataka. Shamba linaonekana safi, na mahindi yanakataa kuota. Chombo kinachofaa ni reki, yenye meno marefu yanayokusanya visiki na mizizi na kuuacha udongo upite katikati. Basi yafaa kumwuliza muuzaji kama mashine ina reki, au kama mikono yake ya mbele inaweza kufungwa reki. Kadhalika tutazame paa. Mashine ya kufyeka ambayo haina paa la chuma imara juu ya kiti, wala wavu mbele ya rejeta, wala bamba la kukinga tumbo, ilikuwa ya mchangani. Tawi la mbuyu likianguka halitauliza kama mkataba umetiwa sahihi, na aliye kitini ni mfanyakazi mwenye watoto nyumbani.

Tufike miguuni. Tunaita miguu sehemu yote ya chini, yaani minyororo miwili, viatu vyake vya chuma, rola zinazobeba uzito, gurudumu la mbele, na gurudumu la meno linalozungusha mnyororo. Wataalamu wa mashine hizi husema kwamba miguu inaweza kula hata nusu ya gharama zote za matengenezo ya katapila katika maisha yake. Kwa mashine yenye umri mkubwa, seti nzima mpya ya miguu, pande zote mbili, inaweza kukaribia bei iliyonunuliwa mashine yenyewe. Kwa hiyo anayesema "injini ni nzima" na kunyamaza hapo, amesema nusu ya habari, tena nusu iliyo rahisi.

Kila pingili ya mnyororo imeshikwa na mwenzake kwa pini iliyomo ndani ya bushi. Mashine inapotembea, pini na bushi husagana, na kidogo kidogo mnyororo hurefuka. Chuma chenyewe hakikunyooka. Ni nafasi iliyoongezeka katika kila kiungo. Kipimo chake ni futi ya kawaida ya fundi. Mnyororo hukazwa kwa kuweka kipande cha chuma katika gurudumu la meno na kurudisha mashine nyuma polepole, kisha hupimwa kutoka pini moja hadi ya tano, yaani pingili nne. Kipimo hicho hulinganishwa na kile kilichoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji kwa modeli hiyo. Asiye na kitabu asiende kupima, na asiye na futi asiende kununua.

Kisha tazama meno. Jino lililo hai ni pana. Jino lililokwisha huchongoka na kuinama upande mmoja. Tazama bushi: ikiwa imelika upande mmoja tu, karakana yenye mashine ya kushindilia inaweza kuigeuza, na mnyororo ukapata maisha ya pili. Ikiwa imekwisha kugeuzwa mara moja, hapana mara ya pili. Tazama rola moja moja, kwa kuinama na pengine kulala chini. Rola inayovuja oili imekwisha, na ile iliyoganda haizunguki ina upande mmoja bapa. Tena tazama upande wa kushoto na wa kulia, kwa kuwa mashine iliyofanya kazi mlimani kwa muda mrefu huweza kuwa mguu mmoja ni mzima na mwingine ni mgonjwa.

Wauzaji wanazo mbinu zao. Mnyororo uliolegea hukazwa usiku wa kuamkia ukaguzi, ukaonekana kijana. Ili kuitambua hila hiyo, litazame gurudumu la mbele. Likiwa limesukumwa hadi mwisho wa njia yake, basi hapana tena pa kukazia. Mbinu nyingine ni kuchomelea vyuma vipya juu ya viatu vilivyolika. Jambo hilo peke yake si udanganyifu, hata mafundi wetu hulifanya. Ila huwafanya watu wavitazame viatu na kuisahau pingili iliyo chini yake, ambayo ikiwa imelika sana kingo za rola huanza kugonga vichwa vya pini.

Upana wa viatu nao una maneno yake. Baadhi ya mashine ziletwazo kutoka ng'ambo zilitengenezwa kwa ajili ya nchi ya tope, nazo zina viatu vipana mno ili zisizame. Katika mashamba ya mpunga ya bondeni zitafaa sana. Ukizipeleka katika ardhi ya mawe ya Dodoma au Singida, viatu vile vitapinda, bolti zitakatika, na pini zitalika upesi, maana upana huo huipa kila jiwe nguvu ya kuukunja mnyororo. Kwa nchi kavu, kiatu chembamba kinachotosha kuizuia mashine isizame ndicho kiatu bora.

Juu ya injini tutasema machache, kwa kuwa madereva wa malori wengi wanayajua. Fika asubuhi bila taarifa ndefu, na uweke kiganja juu ya injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ina moto, muuzaji amekwisha kukutangulia. Moshi mweusi kidogo wakati wa kuvuta ni jambo la kawaida. Moshi wa buluu usiokoma maana yake inachoma oili, na mweupe usioondoka hata injini ikipata moto hutia shaka ya maji au ya pampu. Fungua kifuniko cha oili injini ikizunguka: ikipuliza kama birika, pete za pistoni zimechoka. Fungua rejeta ingali baridi. Mafuta yakielea juu ya maji, shukuru, panda basi urudi nyumbani.

Gia na haidroliki hujaribiwa kwa kazi. Omba lundo la udongo, mweke dereva wa chama, si wa muuzaji, na asukume kwa gia ya kwanza mpaka minyororo iteleze mahali pamoja. Ikiwa injini inanguruma na minyororo imesimama, nguvu inapotea njiani, na gia boksi itadai fedha. Aende mbele mita 50 bila kugusa usukani, apande mteremko, ashuke, ageuke kulia na kushoto akiwa na mzigo. Halafu alishindilie bamba chini mpaka pua ya mashine iinuke, azime injini, na wote wangoje. Ikishuka upesi, mpira wa ndani wa silinda au vali inavuja. Mwisho, mashine ikiwa bado ina moto, fundi alegeze bolti za kumwagia oili nyuma ya magurudumu ya meno. Unga laini wa chuma si ajabu. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno ya gia yaliyokwisha kutengana na gia.

Mita ya saa tusiiamini peke yake. Mashine ya mkandarasi hufanya saa kama 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo iliyo na umri wa miaka 15 na mita inayosoma saa 4,000 ina jambo la kueleza. Pedali zilizolika mpaka chuma kikang'aa, kiti kilichochanika, na vishikio vyenye alama za viganja vya watu wengi, hivyo ndivyo mita isiyobadilishwa.

Lipo suala ambalo twajua watu hawakubaliani juu yake: je, inunuliwe ile ya zamani inayoendeshwa kwa nyaya na vyuma tu, au ya baadaye yenye kompyuta ndani ya injini? Ile ya baadaye hutumia mafuta vizuri zaidi, hilo halipingiki. Lakini ikizimika kilomita 200 kutoka mjini, fundi mwenye spana atasimama akiitazama mpaka aje mwenye kompyuta ya kuisomea ugonjwa. Rai yetu ni kwamba chama kilicho mbali na miji mikubwa kichague ile ya zamani, mradi spea zake bado zinapatikana. Na neno "zinapatikana" lipimwe hivi: kabla ya kununua, piga simu katika maduka matatu na uulize bei ya rola moja, filta za aina zote, na gasketi ya silinda hedi ya modeli hiyo. Majibu yakiwa "tutakuagizia," basi ndipo Kongwa ilipoanzia.

Twaomba ruhusa kusema neno juu ya misafara ya ununuzi. Huenda mwenyekiti, huenda katibu, huenda mweka hazina, kila mmoja na posho yake, lakini fundi anaachwa nyumbani kwa sababu "nauli haitoshi." Hao watatu wataona nini? Wataona rangi. Fundi na dereva ndio wa kwanza kuandikwa katika orodha ya safari, na fundi huyo asiwe amepewa cha juu na muuzaji. Ripoti yake iandikwe na isomwe mbele ya wanachama, pamoja na vipimo vya miguu, kabla shilingi haijatoka benki. Kiongozi anayeona uzito kuisoma ripoti hiyo mkutanoni tayari amewapa wanachama habari muhimu.

Wala tusiogope kusema kwamba vyama vingine havipaswi kununua kabisa. Vijiji vya makazi vilivyoanzishwa Tanganyika tangu mwaka 1963 vilipewa mashine na mitaji mikubwa kuliko kazi iliyokuwapo, na mwaka 1966 Serikali ikaacha kuanzisha vipya vya namna ile. Chama chenye eka 80 za kufyeka mara moja tu hakihitaji katapila. Kinahitaji mkataba mzuri wa kukodi, wenye kuonyesha nani anatoa dizeli na nani analipa mashine ikiharibika. Kununua kunafaa palipo na kazi ya miaka, na wanachama au majirani walio tayari kulipia saa zake.

Na chama kinachonunua kisimalize mfuko. Tuseme kimekusanya shilingi 100. Kwa maoni yetu mashine isizidi shilingi 70, na 30 zibaki kwa filta, oili, rola za kwanza kuvunjika, na mshahara wa dereva katika miezi ambayo kazi haijaanza kuingiza kitu. Kuna wanaotuambia kwamba kwa shilingi 70 hapatikani kitu cha maana. Basi na wangoje msimu mmoja zaidi. Pori halitahama.

Inabaki safari. Katapila haitembei barabarani kwa minyororo yake. Hubebwa kwa lobedi, na gharama hiyo iulizwe mapema, maana wapo walionunua mashine Dar es Salaam wakakosa fedha ya kuifikisha kwao. Kwa mashine ya kadiri ya D8 mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa mzigo na gari pamoja huweza kupita tani 56, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha uzito katika barabara za Afrika ya Mashariki, na hapo kibali hutakiwa. Madaraja madogo ya vijijini hayakujengwa kwa uzito wa namna hiyo, basi mtu apelekwe mbele kuyatazama. Siku ya kupakia, fundi yule yule aliyekagua awepo uani, afute vumbi kwenye chasisi, na kuisoma namba tarakimu kwa tarakimu akiilinganisha na ile iliyo katika ripoti yake, katika hati za forodha na katika stakabadhi. Asome na namba ya injini pia. Zikilingana zote, dereva wa lobedi apewe ruhusa ya kuondoka.